Bendera Zilizoachwa Katikati ya Mlingoti: Uchambuzi wa Kisa cha Admirali George Tryon na Kuzama kwa Manowari Victoria, 1893

Alasiri ya tarehe 22 Juni 1893, nje ya pwani ya Tripoli ya Lebanoni, mji ambao Waarabu huuita Tarabulus ya Sham, bendera za ishara zilipandishwa kwenye mlingoti wa manowari Camperdown zikaachwa katikati. Katika lugha ya bendera ya jeshi la majini la Uingereza, jibu lililopandishwa mpaka juu humwambia mkuu kwamba amri yake imeonekana na imeeleweka, na jibu lililosimamishwa katikati humwambia kwamba imeonekana lakini haijaeleweka. Aliyeagiza bendera hizo zisipandishwe hadi juu ni Admirali Albert Hastings Markham, mtu wa pili kwa cheo katika kikosi cha Mediterania. Aliyekuwa akizingoja zipande ni mkuu wa kikosi hicho, Makamu Admirali Sir George Tryon, ambaye alikuwa ndani ya manowari Victoria, mita 1,100 hivi upande wa pili wa maji. Baada ya muda mfupi bendera zilipanda. Kabla ya nusu saa kupita Victoria ilikuwa imezama na watu 358 wamekufa, Tryon akiwa mmoja wao.

Walioandika juu ya kisa hiki kwa muda mrefu wamejishughulisha zaidi na hesabu ambayo Tryon aliikosea. Hesabu yenyewe ni nyepesi na nitaieleza, lakini kwa maoni yangu haistahili nafasi kubwa iliyopewa. Linalohitaji kuchambuliwa ni namna hatari ilivyoonekana mapema na maofisa wasiopungua watatu wenye ujuzi, ikasemwa kwa mdomo, ikaashiriwa kwa bendera, na bado meli zikaendelea na safari yake ya kugongana kwenye bahari tulivu, mchana kweupe, chini ya mkuu ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kuwafundisha walio chini yake kutumia akili zao.

Tryon alizaliwa mwaka 1832 huko Bulwick, Northamptonshire, akajiunga na jeshi la majini mwaka 1848, akiwa mkubwa kidogo kuliko wavulana wengi walioanza kazi hiyo enzi zile. Alipigana nchi kavu katika Vita vya Crimea pamoja na mabaharia walioshushwa na mizinga yao mbele ya Sevastopol, na huko alijeruhiwa. Mwaka 1861 aliteuliwa kuwa msaidizi wa nahodha katika Warrior, manowari ya kwanza ya Uingereza iliyojengwa kwa mwili wa chuma na kuvishwa deraya. Yaani alianza kushika madaraka pale pale ambapo enzi ya meli za mbao na matanga ilikuwa inafungwa. Watu wa upande wetu wa Afrika watavutiwa kujua kwamba miaka sita baadaye alikuwa katika Ghuba ya Zula, kwenye pwani ya Eritrea ya leo, akisimamia meli za uchukuzi za jeshi la Uingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi. Jeshi lile lilileta hata tembo 44 kutoka India, na maji ya kunywa yalipatikana kwa kuchemsha maji ya bahari melini na kuvuna mvuke wake. Kazi ile ya kuratibu mamia ya vyombo bandarini, katika joto kali, ndiyo iliyomtambulisha kama mtu wa mipango. Baadaye alikuwa Katibu wa Kudumu wa wizara ya majini, mkuu wa kituo cha Australia kuanzia 1884 hadi 1887, na mwaka 1891 akakabidhiwa kikosi cha Mediterania, ambacho wakati ule kilikuwa cheo cha heshima kubwa kuliko vyote vya baharini katika dola ya Waingereza.

Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mwenye ndevu, mwerevu kupita wenzake, na mwenye kauli ya kumaliza mazungumzo. Sifa hii ya mwisho itarudi.

Wazo lake kubwa lilihusu ishara. Kitabu cha ishara cha jeshi lile kilikuwa kimenenepa mpaka karibu kila mwendo wa kila meli ukawa na bendera zake. Tryon aliona kwamba katika vita vya kweli mambo hayo yasingefanya kazi: moshi wa mizinga ungefunika bendera, milingoti ingekatwa, wapandishaji wa ishara wangeuawa, na kikosi kilichozoea kuongozwa kwa kamba kama mtoto anayejifunza kutembea kingesimama kikingoja amri isiyokuja. Kwa hiyo alibuni utaratibu ulioitwa TA, kutokana na herufi za bendera zilizoutangulia. Bendera hizo zilipopandishwa, manahodha walitakiwa kumtazama kiongozi, kufuata mwendo wake, na kuelewa nia yake bila kungoja ishara nyingine. Maofisa wengi wa makamo hawakuupenda. Tryon aliendelea kuutumia katika mazoezi, na bila shaka alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa aliokuwa akijaribu kuutibu.

Hapa lazima nieleze kidogo juu ya meli zenyewe, kwa kuwa bila hivyo msomaji hataelewa kwa nini kugusana tu kulitosha kuua. Mwaka 1866, katika mapigano ya Lissa kwenye bahari ya Adria, manowari ya Austria iliigonga ubavuni manowari ya Italia iitwayo Re d'Italia na kuizamisha. Tangu hapo kila taifa lililojenga manowari liliiwekea pembe ya chuma chini ya omo, chini ya usawa wa maji, mfano wa pembe ya kifaru. Pembe hizo hazikuzamisha maadui wengi. Zilizamisha marafiki. Mwaka 1875 manowari ya Waingereza Vanguard ilitobolewa na mwenzake Iron Duke katika ukungu, na mwaka 1878 manowari ya Wajerumani Grosser Kurfürst ilipigwa na König Wilhelm karibu na pwani ya Uingereza, watu zaidi ya 250 wakafa. Kila ofisa wa daraja la Tryon na Markham alivijua visa hivyo. Victoria yenyewe ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 10,000, na mizinga yake miwili mikubwa, yenye mdomo wa sentimita 41, ilipangwa yote mbele, juu ya sitaha iliyokaa chini sana karibu na maji. Mabaharia waliifananisha na kandambili.

Siku ile kikosi kilitoka Beirut asubuhi. Alasiri, kilipokaribia Tripoli, Tryon alikipanga katika safu mbili zinazokwenda sambamba, meli moja nyuma ya nyingine. Victoria iliongoza safu ya kulia, Camperdown iliongoza safu ya kushoto. Alikusudia safu hizo zigeuke kwa kuelekeana, kila moja ikifanya nusu duara na kurudi ilikotoka, kisha kikosi kizima kigeuke tena pamoja na kutia nanga kwa mpangilio wa kupendeza. Mwendo ulikuwa wa noti 8 na ushei, yaani maili 8 na ushei za baharini kwa saa.

Hesabu ni hii. Umbali baharini walikuwa wakiupima kwa kebo, na kebo moja ni yadi 200 hivi, kama mita 183. Manowari za aina ile, zikigeuka kwa usukani wa kawaida wa mazoezi ya kikosi, zilihitaji duara lenye upana wa karibu yadi 800, yaani kebo 4. Meli mbili zikigeuka nusu duara kwa kuelekeana zinahitaji kebo 8 ili zikutane bega kwa bega, na ukitaka zibakishe kebo 2 kati yao unahitaji 10. Tryon aliagiza safu zitenganishwe kwa kebo 6. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba akilini mwake aliichukua hesabu ya robo duara: katika robo duara kila meli huingia ndani kebo 2 tu, mbili hufanya 4, ongeza 2 za nafasi, jumla 6. Alipata jibu sahihi la swali lingine. Wapo waliodai kwamba alikusudia meli moja izunguke nje ya nyingine, wakitegemea maneno ya ishara yaliyotaka mpangilio wa kikosi udumishwe. Dai hilo linaweza kutetewa kwa maneno ya ishara, lakini haliendani na mambo aliyoyafanya na kuyasema mwenyewe jukwaani, mahali pa kuongozea meli, wala na yale aliyoyasema baada ya meli kugongana.

Na kosa la hesabu lilisahihishwa mapema. Hilo ndilo jambo ambalo kila mara nikirudi kwenye kisa hiki hunisimamisha. Tryon alipomweleza mpango wake Thomas Hawkins-Smith, ofisa aliyesimamia urambazaji wa Victoria, Hawkins-Smith alimwambia kwamba zingehitajika angalau kebo 8, na Tryon alikubali kwamba ziwe 8. Muda mfupi baadaye luteni wake wa bendera, Lord Gillford, alipewa agizo la kupandisha ishara ya kebo 6. Hawkins-Smith alipoona idadi hiyo alishtuka, na Gillford akarudi kwa admirali kuuliza kama hakukuwa na kosa. Jibu lilikuwa kwamba iachwe 6. Nahodha wa Victoria, Maurice Bourke, aliyekuwa pamoja na Tryon chumbani, alimkumbusha kwamba duara la Camperdown lilikuwa na upana wa yadi 800. Jibu likawa lile lile. Hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya hapo. Walikuwa wamesema mara moja, mara mbili, kwa heshima, na kila mmoja akadhani kwamba mkuu ana jambo ambalo yeye halijui.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Mara kwa mara Tryon alikuwa akiwapa maofisa wake mazoezi yaliyoonekana kutowezekana, hawaelezi mapema suluhisho lake, halafu suluhisho linajitokeza na wote wanamstaajabia. Hakuwa na desturi ya kujadili mipango yake na walio chini yake. Mtu akizoeshwa kwa miaka kwamba mshangao wake ni dalili ya ufupi wa akili yake mwenyewe, siku ambayo mshangao wake ni wa haki hataweza kuutofautisha na mwingine. Methali yetu inasema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli kwa chombo kisichojulikana nani anakiamuru. Ndani ya Victoria nahodha wa kweli alikuwa mmoja mno.

Ilipokaribia saa tisa na nusu ishara mbili zilipandishwa, moja kwa kila safu, zikiamuru zigeuke nusu duara kwa kuelekeana. Safu ya Tryon ilijibu. Markham, jukwaani mwa Camperdown, alisema kwamba jambo hilo haliwezekani, akaagiza jibu liachwe katikati ya mlingoti na akaanza kuagiza kwamba swali litumwe kwa ishara za mikono. Markham hakuwa mwoga. Mwaka 1876, katika msafara wa Aktiki, aliongoza kundi la watu wanaovuta magari ya theluji kwa mikono hadi latitudo ya 83°20' Kaskazini, mahali ambapo wakati ule hapakuwa pamefikiwa na binadamu yeyote anayejulikana. Mtu aliyestahimili barafu na kiseyeye cha namna ile hakosi ujasiri wa mwili.

Kabla swali lake halijatumwa, Victoria ilituma lake: unangoja nini? Liliulizwa waziwazi, likionekana na kila meli ya kikosi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kisa kilipoamuliwa. Mashaka ya Markham, ambayo yalikuwa ya kitaalamu na ya haki, yaligeuzwa kuwa uzembe wa mtu aliyechelewa kujibu, na swali la iwapo amri inatekelezeka likawa swali la heshima yake mbele ya manahodha kumi na zaidi. Katika dakika ile alijitafutia maelezo ya kumtuliza: labda Tryon ataizungusha Victoria nje yake. Aliyaamini maelezo hayo kwa sababu yalimruhusu kutii. Bendera zikapandishwa hadi juu, ishara zikashushwa, na meli mbili zikaanza kugeuka.

Ndani ya Victoria, Bourke alimwambia admirali kwamba watakaribiana mno na meli ile, kisha akaomba ruhusa ya kurudisha nyuma rafadha moja ili duara lipungue. Tryon alikuwa akitazama nyuma, akiangalia meli zilizomfuata. Bourke alirudia ombi lake zaidi ya mara moja kabla ya kupewa ruhusa, na ilipotolewa wakati ulikuwa umekwisha. Pembe ya Camperdown iliingia ubavu wa kulia wa Victoria karibu na omo, zaidi ya mita mbili ndani ya mwili wa meli, chini ya maji. Nyuma yao Edinburgh na Nile, zilizoshika nafasi ya pili katika kila safu, zilikosana kwa nafasi ndogo tu. Nazo pia zilikuwa zimefuata.

Camperdown iliporudi nyuma na kuchomoa pembe yake, maji yalipata njia. Ilikuwa alasiri ya joto, kwa hiyo milango, madirisha na vifuniko vya sitaha vilikuwa wazi, na amri ya kufunga milango isiyopitisha maji ilitolewa muda mfupi mno kabla ya kugongwa. Uchunguzi wa wataalamu wa wizara ulieleza baadaye kwamba kama vyote vingekuwa vimefungwa, meli isingezama. Tryon alidhani bado ina muda. Aliielekeza pwani ili aipandishe kwenye maji mafupi, na mwendo huo ukaizidishia maji ya mbele. Meli nyingine zilipoanza kushusha mashua kuja kumsaidia, aliziashiria zisizitume bado. Juu ya sitaha mabaharia mia kadhaa walisimama katika mistari wakingoja, na hawakuruka mpaka walipoambiwa. Wale wa chumba cha mashine hawakutoka. Meli ilipopinduka rafadha zake zilikuwa bado zikizunguka hewani, na baadhi ya waliokuwa majini waliuawa nazo. Waliokuwa karibu na Tryon jukwaani walieleza kwamba walimsikia akisema kosa lote ni lake. Watu 357 waliokolewa. Miongoni mwao alikuwamo msaidizi wa nahodha, John Jellicoe, aliyekuwa amelala na homa kitandani akainuka kuwasaidia wengine, na baadaye yeye mwenyewe akasaidiwa majini na kijana mwanafunzi wa uofisa.

Mahakama ya kijeshi ilikaa Malta mwezi Julai, chini ya mrithi wa Tryon, Admirali Sir Michael Culme-Seymour. Kwa desturi ya jeshi lile aliyeshtakiwa ni nahodha wa meli iliyopotea pamoja na waliookoka, kwa hiyo Markham alikuja kama shahidi, ingawa kila aliyekuwapo alijua kwamba mwenendo wake ndio uliokuwa ukipimwa. Hukumu ilimsafisha Bourke na ikaweka sababu ya ajali kwenye amri ya Tryon. Kuhusu Markham, mahakama ilisikitika kwamba hakutekeleza nia yake ya kwanza ya kueleza mashaka yake, kisha ikaongeza kwamba ingekuwa hatari kubwa kwa jeshi kumlaumu ofisa kwa kutekeleza amri ya mkuu wake aliyekuwapo mwenyewe.

Hukumu hiyo inaniudhi hadi leo. Wakubwa wale walikuwa na kauli ya Tryon mwenyewe mbele yao. Katika waraka alioutoa kwa kikosi chake aliandika kwamba pale ambapo kuitii amri kwa herufi kungesababisha kugongana na meli ya upande wao, hatari hiyo lazima iepukwe kwanza, na lengo la amri litimizwe kwa njia nyingine ikiwezekana. Markham alikuwa na ruhusa ya maandishi ya kukataa. Mahakama ilipochagua kulinda utiifu badala ya waraka ule, iliwaambia maofisa wote vijana wa kikosi kwamba ruhusa ya aina hiyo haina nguvu. Ninaelewa walichokiogopa, kwa maana jeshi lenye kila nahodha anayejipimia amri haliwezi kwenda vitani. Lakini nafasi ya kusema jambo la kati, kwamba kuuliza ni sehemu ya kutii, ilikuwa mikononi mwao.

Wala simwondolei Tryon lawama kwa sababu ya waraka wake mzuri. Karatasi ilisema jambo moja na sauti yake ikasema lingine, na walio chini yake waliijua sauti kuliko karatasi. Aliwataka waelewe nia yake bila ishara, na siku ambayo nia yake ilikuwa na kasoro, hakumwachia mtu mlango wa kuifikia. Bourke na Hawkins-Smith walipomwambia yadi 800, alikuwa na dakika nyingi za kuchukua kalamu na karatasi.

Markham alikaa muda bila kazi, kisha akapewa tena madaraka, na akafikia cheo cha admirali kamili. Utaratibu wa TA ulizikwa pamoja na mbunifu wake. Waliokuwa hawaupendi walipata hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu mbele ya wajane wa waliokufa, ingawa ajali haikutokea chini ya TA hata kidogo. Ilitokea chini ya ishara za kawaida kabisa, zilizopandishwa, zikajibiwa, zikashushwa kama kitabu kinavyotaka. Mabaki ya Victoria yaligunduliwa mwaka 2004 kwenye kina cha mita karibu 150, yamesimama wima, omo imezama kwenye matope na tezi ikielekea juu.

Jellicoe, yule mgonjwa aliyeokoka, ndiye aliyeongoza kikosi kikuu cha Uingereza katika mapigano ya Jutland dhidi ya Wajerumani tarehe 31 Mei 1916, akiwa na kitabu nene cha maagizo ya vita kinachoeleza nafasi ya kila meli. Alasiri ile, David Beatty, aliyeongoza kikosi cha mbele chini ya Jellicoe, alipoona kikosi kikuu cha Wajerumani kinamjia aligeuza manowari zake kurudi kaskazini, na manowari nne mpya zenye nguvu kubwa chini ya Hugh Evan-Thomas zikapishana naye zikielekea kusini, kwenye mizinga ya adui. Ishara ya kuzigeuza ilikuwa imepandishwa, lakini haikushushwa kwa wakati, na kwa sheria ya kitabu amri hutekelezwa bendera zinaposhuka. Evan-Thomas aliziona bendera, akaendelea mbele, akingoja zishuke.